Habari ya Mazao ya GMO katika Hori la Mifugo

Katika miaka hii kumi ya Chama chetu Kikuu, ukiacha swali la malipo ya maziwa, hapana jambo lililoletwa ofisini mara nyingi kuliko hili: je, mahindi, soya na pamba zilizobadilishwa vinasaba, ambazo wengi wetu twaziita GMO, ni salama kwa ng'ombe na kuku wetu, na kwa watoto wetu wanywao maziwa na kula mayai yao? Mkutano Mkuu ujao utatakiwa kuamua kama kinu chetu cha chakula cha mifugo kinunue mashudu ya pamba ya aina hiyo au kisinunue. Kwa hiyo Halmashauri imeona yafaa kitabu hiki cha ukumbusho kiwe na habari ya jambo lenyewe tangu mwanzo wake, ili kila mwanachama apige kura akijua anachokipigia.

Mwanzo wenyewe si wa mbali. Mahindi na soya za GMO zilianza kupandwa kwa wingi huko Marekani mwaka 1996. Soya ilipewa uwezo wa kustahimili dawa ya kuua magugu, na mahindi yakapewa uwezo wa kujitengenezea kinga dhidi ya viwavi watoboao mabua. Kinga hiyo ilitolewa katika kijidudu cha udongoni ambacho mtaalamu mmoja wa Kijapani alikiona mwaka 1901 kikiua viwavi wa hariri. Mwaka 1911 Mjerumani Ernst Berliner akakikuta katika nondo wa unga kutoka Thuringia, na ndiyo sababu kikaitwa Bacillus thuringiensis, na mazao yenye kinga yake huitwa Bt. Tumbo la kiwavi lina hali ya magadi, na humo protini ya kijidudu hicho huamka, ikashika ukuta wa utumbo na kuutoboa. Katika utumbo wa ng'ombe, wa kuku na wa mwanadamu hapana mahali pa protini hiyo kushika, nayo humeng'enywa kama protini nyinginezo. Sehemu kubwa ya mavuno hayo mapya haikwenda mezani kwa watu, bali ilikwenda horini.

Bahati mbaya ni kwamba mazao hayo yalifika Ulaya katika mwaka mbaya kuliko yote. Tarehe 20 Machi 1996 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, uliotambuliwa mwaka 1986, yamkini ulikuwa umewaambukiza watu. Ng'ombe wale waliupata kwa kulishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenzao, na kwa miaka mingi wakubwa walikuwa wakiwatuliza raia kuwa hapana hatari. Miezi michache baadaye meli za soya ya GMO zikatia nanga katika bandari za Ulaya. Nani angewasadiki tena wakubwa wale wale waliposema kwamba chakula hiki kipya cha mifugo hakina neno? Twaona haki kabisa watu waliposhuku. Ajabu ni kwamba, unga wa mifupa ulipopigwa marufuku, Ulaya ilizidi kuhitaji soya ya ng'ambo kwa mifugo yake, na sehemu kubwa ya soya hiyo sasa ni GMO. Sheria yao ya mwaka 2003 inataka magunia ya chakula cha mifugo yaandikwe ikiwa yana GMO kupita asilimia 0.9, lakini maziwa, nyama na mayai ya mifugo iliyokula chakula hicho hayaandikwi kitu.

Kisa cha mahindi ya StarLink chafaa kujulikana na kila mwenye ghala. Mwaka 1998 mahindi hayo yaliruhusiwa Marekani kwa mifugo na kwa viwanda tu. Watu walinyimwa kwa sababu protini yake ilichelewa kumeng'enywa, ikahofiwa kwamba ingeweza kuwaletea wengine mzio. Mwezi wa Septemba 2000 yakakutwa katika vyakula vya madukani. Yalikuwa yamepandwa katika eneo lisilotimia hata sehemu moja katika mia ya mashamba ya mahindi ya nchi hiyo, na bado yakapenya kila mahali, kwa kuwa punje hazijui ghala la ng'ombe na ghala la watu. Bidhaa nyingi zikaondolewa madukani. Watu kadhaa walidai kudhurika, na waliopimwa damu hawakuonekana kuwa na dalili za mzio wa protini ile. Hata hivyo serikali ilikata shauri kwamba tangu hapo hapana zao la namna hiyo litakaloruhusiwa kwa mifugo peke yake. Nasi twaona hilo ni shauri la busara, wala halihitaji elimu ya chuo kikuu kulielewa.

Majaribio yaliyotia hofu nayo yasifichwe. Mwaka 1998 Árpád Pusztai wa Scotland alisema katika televisheni kwamba panya aliowalisha viazi vilivyobadilishwa vinasaba walidhoofika. Mwaka uliofuata Royal Society ya London ikasema jaribio lake lilikuwa na kasoro. Viazi vile havikuwa sokoni popote. Jaribio lililotugusa sisi Wakenya lilikuja baadaye. Mwezi wa Septemba 2012 Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa na wenzake walitangaza kwamba panya waliolishwa mahindi ya GMO kwa miaka miwili walipata uvimbe mwingi, wakatoa na picha za kuogofya. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule serikali yetu ikapiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO. Wataalamu wakauliza maswali mepesi: mbona kila kundi lilikuwa na panya kumi tu wa jinsia moja, na mbona ilichaguliwa mbegu ya panya ambayo yajulikana kupata uvimbe uzeeni hata ikila chakula gani? Mwezi wa Novemba 2013 jarida lililochapa habari hiyo likaiondoa, na mwaka 2014 ikachapwa tena katika jarida jingine. Baadaye Jumuiya ya Ulaya iligharimia majaribio mapya, mojawapo la miaka miwili, na madhara yale hayakuonekana. Marufuku yetu, lakini, iliendelea hadi Oktoba 2022, wakati wa ukame mkubwa, Baraza la Mawaziri lilipoiondoa. Na kesi zikafuatana mahakamani.

Twawaombea radhi wanachama wanaochoshwa na habari za panya. Wako nguruwe pia: mwaka 2013 watafiti wa Australia na Marekani walieleza habari za nguruwe 168, wakasema waliokula GMO walikuwa na matumbo mekundu zaidi. Wapinzani wao walijibu kwamba wekundu ulikadiriwa kwa macho tu, bila kukata nyama na kuitazama kwa hadubini, na kwamba nguruwe wengi wa makundi yote mawili walikuwa na homa ya mapafu. Mfugaji yeyote hapa ajua nguruwe mgonjwa si shahidi mzuri wa jambo lolote.

Lakini liko jambo la kondoo wa India ambalo sisi hatutaki kulipita mbio. Mwaka 2006 wachungaji wa wilaya ya Warangal, katika jimbo la Andhra Pradesh, walisema kwamba kondoo na mbuzi wao walikufa kwa wingi baada ya kuchungwa katika mashamba ya pamba ya Bt yaliyokwisha vunwa. Wakuu wa serikali wakajibu kwamba Bt siyo sababu, wakashuku mabaki ya dawa za kunyunyizia na naitreti. Jibu hilo laelekea kuwa kweli, maana pamba hunyunyiziwa dawa kali, na pamba ya Bt hulishwa na mifugo mahali pengi bila vifo vya namna hiyo. Hata hivyo mchungaji aliyezika kundi lake astahili zaidi ya kuambiwa kitu ambacho hakikumuua kondoo wake. Mzoga usipopasuliwa mapema na majani yaliyoliwa yasipopimwa, kweli yenyewe huzikwa pamoja na mnyama, na uvumi hurithi mahali pake.

Ushahidi ulio mkubwa kuliko wote ulitoka katika daftari za kawaida za wafugaji na machinjio. Mwaka 2014 Alison Van Eenennaam na mwenzake A. E. Young, wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, walikusanya hesabu za Marekani za tangu 1983 hadi 2011, yaani kabla ya GMO na baada yake, hesabu za wanyama zaidi ya bilioni 100. Ukuaji, vifo, nyama iliyokataliwa machinjioni na afya ya viwele haikuonyesha kugeuka kwa ubaya baada ya 1996. Mtu aweza kusema, na kwa haki, kwamba wengi wa wanyama hao ni kuku wa nyama waishio majuma machache tu. Kwa hiyo twaongeza kwamba mwaka 2012 yalikusanywa majaribio 24 ya muda mrefu au ya vizazi kadhaa, na hayo pia hayakuonyesha hatari kwa afya. Kuhusu maziwa na nyama, vinasaba vya kila mmea huvunjwavunjwa tumboni. Vipande vidogo vya vinasaba vya mimea ya kawaida vimewahi kukutwa katika nyama ya kuku, wala kuku hakugeuka hindi.

Sasa turudi kwenye mashudu yetu. Serikali iliruhusu pamba ya Bt mwezi wa Desemba 2019, na ikaanza kupandwa na wakulima mwaka 2020. Mbegu ya pamba, iwe ya Bt au ya kienyeji, ina sumu yake ya asili iitwayo gosipoli. Ng'ombe mzima huihimili kwa kiasi, lakini ndama, kuku na nguruwe huumia nayo. Hatari hiyo ni ya zamani kuliko GMO zote, na wako wanachama ambao bado huwapa kuku mashudu ya ng'ombe kwa kuwa gunia limebaki.

Tena kuna sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota kuvu yaliwaua watu 125 katika sehemu za mashariki za nchi yetu, na yalikuwa mahindi ya kawaida yaliyovunwa katika mashamba yetu wenyewe. Ng'ombe akila chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hutoka katika maziwa. Mahindi ya Bt, kwa kuwa hayatobolewi sana na viwavi, mara nyingi huwa na upungufu wa sumu nyingine ya kuvu iitwayo fumonisini, lakini yakianikwa vibaya huoza kama mengine.

Kwa sababu hizo Halmashauri italeta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo yafuatayo, kura ya mashudu iende upande wowote: kila shehena ipimwe sumukuvu kabla ya kushushwa, gunia liandikwe asili ya mbegu na mnyama asiyefaa kulishwa, kiasi kidogo cha kila shehena kihifadhiwe ofisini kwa miezi mitatu, ili mnyama akifa daktari wa mifugo awe na cha kupima. Gharama ya vipimo itasomwa na Mweka Hazina siku hiyo, pamoja na bei ya mashudu ya aina zote mbili.