Mizinga ya Königsberg na Mabega Yasiyo na Majina

Maji ya Ruaha Mkuu yapitayo hapa Kidatu hayaishii katika mitambo ya umeme ya megawati 204. Huendelea na safari yake, yakajiunga na Mto Rufiji, ambao nao hupokea maji ya bonde letu la Kilombero, kisha yote kwa pamoja huingia Bahari ya Hindi kupitia mikono mingi ya delta. Katika mkono mmoja wa delta hiyo, tarehe 11 Julai 1915, ndipo ilipofikia mwisho wake manowari ya Kijerumani Königsberg. Kwa hiyo sisi watu wa bara tunaposoma historia ya meli, tusidhani kwamba tunasoma habari za wengine.

Kisa chenyewe kinajulikana. Tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Ikiwa na upungufu wa makaa na hitilafu ya mitambo, ilikimbilia Rufiji na kujificha nyuma ya mikoko. Sehemu za mitambo yake zilikokotwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha zikarudishwa. Waingereza waliziba njia za kutokea baharini, na mwaka uliofuata wakaleta Severn na Mersey, manowari mbili zilizoweza kupita penye maji machache. Baada ya kupigwa vibaya, Königsberg ililipuliwa na mabaharia wake wenyewe. Lakini mizinga yake 10 iliopolewa, ikafungwa magurudumu na kupewa jeshi la nchi kavu la Lettow-Vorbeck. Mmoja ulipelekwa Kigoma na kuwekwa juu ya Graf von Götzen, meli ile ile ambayo leo tunaiita Liemba.

Mizinga miwili ya kisa hiki niliiona Mombasa, siku niliyoitumia kutembelea Mji wa Kale na Ngome ya Yesu. Mmoja ni wa Königsberg, mwingine ni wa Pegasus. Maadui wa mwaka 1914 leo ni majirani kwenye jua moja. Watalii husimama mbele yake, hupiga picha, huuliza ulirusha risasi umbali gani. Ni maswali halali, kwa kuwa meli ni kazi kubwa ya akili ya binadamu. Lakini kuna swali linalotuhusu zaidi: mzinga wa baharini, uliotengenezwa kubebwa na meli, ulitembeaje maporini?

Ulivutwa na watu. Barabara za magari zilikuwa chache mno, na mbung'o waliua ng'ombe na farasi. Kila mzinga ulihitaji kamba, mikono na mabega ya mamia ya Waafrika, na nyuma yao walifuata wengine waliobeba risasi, unga na dawa. Upande wa Waingereza mambo yalikuwa yale yale, tena kwa ukubwa zaidi: katika vita hivyo vya Afrika Mashariki waliajiri au kulazimisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, wanakadiriwa kuwa 95,000 au zaidi. Vita vilifika hata huku kwetu. Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Mahenge. Kila jeshi lililopita lilitaka chakula na wabebaji, na vyote viwili vilitoka vijijini.

Tumebaki na nini? Dar es Salaam kuna jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wachukuzi cha Waingereza. Kuna pia Sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Aliyebeba mzigo hana umbo.

Wala si sahau ya bahati mbaya. Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, waliofia upande wa Uingereza katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Jina la baharia liliandikwa kwenye daftari la meli. Mpagazi alihesabiwa kama mzigo mwingine. Asiyeandikwa alipokufa, mjane wake hakuwa na karatasi ya kudai chochote.

Hapo ndipo historia hii inapomgusa mtumishi wa umma wa leo. Daftari ni haki. Kibarua wa miwa, mvuvi au mfanyakazi wa mradi ambaye jina lake haliandikwi popote yuko katika nafasi ile ile ya mpagazi wa 1916. Kwa wanafunzi wangu nina ombi dogo zaidi: waulizeni wazee wa Ifakara, Mahenge na Utete ni babu gani wa ukoo aliyechukuliwa akabebeshwe mizigo na asirudi. Yaandikeni majina hayo, myapeleke kwenye maktaba za wilaya na Nyaraka za Taifa. Mizinga imekwisha kupata mahali pa kupumzikia. Waliovuta kamba bado.