Pistoni za Dar es Salaam Kabla ya Injini za Mtumba

Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia Novemba 1965, mafuta ya Zambia, yaliyokuwa yakipitia huko, yalilazimika kutafutiwa njia nyingine, na njia hiyo ilianzia Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori yakaanza kupanda mlima Kitonga kwenye barabara ya vumbi. Vumbi likipenya kichujio cha hewa husaga ringi na silinda kama msasa. Injini zilizorudi pwani zikitoa moshi wa buluu ziliwapa mafundi kazi.

Kazi hiyo ilikomaa wakati wa dhiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikaanza 1978, na fedha za kigeni zikaadimika hata pistoni mpya isipatikane dukani. Kuanzia Gerezani hadi Keko na Chang'ombe, upande wa Temeke, kisichoagizika kilichongwa kwenye kerezo. Kwenye gereji bubu, chini ya mwembe, spea ya gari moja ilitoshezwa kwenye jingine. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha 2021, anawapa mafundi wa aina hiyo nafasi yao stahiki katika historia ya teknolojia ya Tanzania. Ni heshima waliyoistahili zamani.

Turbo iliongeza ugumu. Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905: moshi wa injini huizungusha, nayo husukumia hewa nyingi kwenye silinda, hivyo pistoni hubeba joto na shinikizo kubwa zaidi. Malori ya Scania yaliyounganishwa na TAMCO, Kibaha, yalikuwa na nafuu moja: silivu zake hutolewa na kuwekwa mpya bila kuchonga bloku.

Kwenye dizeli, nozeli ikivuja, kichwa cha pistoni hutoboka. Kwenye petroli, injini ikinoki sana, kingo zinazoshika ringi hukatika. Kubadilisha pistoni ndiyo sehemu rahisi. Vipande vya chuma huwa vimeshatembea kwenye oili na mabomba, pengine vimekwangua mapanga ya turbo. Fundi makini hufungua intakula, huosha njia zote za oili, kisha hupima silinda juu, katikati na chini ndipo aamue ovasaizi, yaani pistoni iwe kubwa kiasi gani kuliko ya awali.

Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Baadaye magari ya mtumba kutoka Japani yakajaa. Leo mwenye Subaru Forester ya turbo pale Kinondoni, pistoni ikivunjika, huenda akaambiwa atafute injini nzima iliyotumika Shaurimoyo. Ushauri huo una hesabu yake, kwani bloku ya alumini ya Subaru haina nafasi kubwa ya kuchongwa. Lakini injini hiyo mara nyingi hufungwa kwenye turbo ileile na bomba lilelile la oili, na kilichovunja pistoni ya kwanza hakijatafutwa. Mafundi wa miaka ya dhiki walianza na swali hilo, kwa sababu injini ya pili haikuwepo.