Kiasi kwa watoto: mtoto hungojea neno la mtu anayemwamini

Kiasi ni uwezo wa kujitawala, yaani kuzuia tamaa ya sasa kwa ajili ya jambo jema zaidi linalokuja. Mtume Paulo anakitaja mwisho katika tunda la Roho (Wagalatia 5:22-23). Esau alikikosa: kwa njaa ya siku moja aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza (Mwanzo 25:29-34).

Jaribio linalojulikana zaidi juu ya kiasi cha watoto ni la Walter Mischel, wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Tangu mwisho wa miaka ya 1960, watoto wa miaka minne hivi waliachwa peke yao mbele ya kitu kitamu. Aliyeweza kungoja mpaka mtu mzima arudi, pengine dakika 15, alipata zaidi. Waliofaulu waligeuza uso, waliimba, walicheza na vidole. Kitu kilipofichwa, walingoja zaidi. Basi, kujizuia kunafundishwa.

Wengi walifikiri kwamba mtoto asiyengoja hatafaulu masomo. Lakini uchunguzi wa 2018 juu ya watoto zaidi ya 900 ulionyesha kwamba uhusiano huo ni mdogo, na hupungua sana hali ya nyumbani ikihesabiwa.

Katika uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Rochester uliochapishwa mwaka 2013, watoto 28 waliahidiwa kwanza vifaa vizuri vya kuchora. Nusu waliletewa, nusu waliambiwa havipo. Kisha wote walipewa jaribio la Mischel. Waliotimiziwa ahadi walingoja dakika 12 kwa wastani. Waliodanganywa walingoja 3 tu. Hawa hawakuwa walafi. Walikuwa wamejifunza kwamba neno la yule mtu halina uzito.

Afrika pia imechunguzwa. Huko Kameruni, karibu watoto 7 kati ya 10 wa kabila la Nso walingoja andazi la pili. Ujerumani, karibu 3 kati ya 10 tu waliweza.

Kwetu mashariki ya Kongo, watoto wengi wamekimbia vita na kuona chakula cha nyumbani kikiporwa. Anayekula haraka mara nyingine anajua tu kwamba kesho haina hakika. Kabla ya kumwita mlafi, wazazi na walimu wa shule ya Jumapili tupime ahadi zetu:

- Tuahidi kidogo, tutimize yote.
- Tukishindwa, tumweleze mtoto sababu, tusinyamaze.
- Tuanze na muda mfupi wa kungoja, tuuongeze polepole.
- Tusimwekee kishawishi mbele ya macho yake.

Tunawafundisha watoto kungojea ahadi za Mungu wasiyemwona. Watajifunza hilo kwa urahisi zaidi ikiwa sisi, wanaotuona kila siku, tunatimiza zetu.