Jipu iliyotumika na njia yake ndefu mpaka Tchomia

Kutoka Bunia mpaka Tchomia ni karibu kilomita 60. Bunia iko juu, kwenye mita 1,275 hivi kutoka usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Albert yako chini, karibu mita 620. Katikati kuna Bogoro, na kutoka hapo barabara inateremka mlima kuelekea Kasenyi. Motoka inayorudi Bunia lazima ipande mlima huo huo. Kwa hiyo mtu wa Tchomia anayetaka kununua jipu hana haja ya garaji kubwa ili kuipima. Muuzaji anayesifu jipu yake lakini anakataa mnunuzi aipande nayo mpaka Bogoro, amekwisha kujibu maswali mengi.

Lakini kuna swali ambalo mlima haujibu: jipu hii ilikuwa ya nani? Katika Ituri motoka imebadilisha mwenyewe mara nyingi bila kuuzwa, na jambo hilo lina historia ndefu.

Wakati wa Wabelgiji motoka zilikuwa za kampuni, za serikali, za misioni au za wafanyabiashara wa kigeni. Malori ya Vicicongo yalibeba mizigo ya kaskazini-mashariki, na migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto ilikuwa na magari yake. Bidhaa nyingine zilivuka ziwa kwa meli Robert Coryndon, kati ya Butiaba upande wa Uganda na Kasenyi upande wa Kongo. Maji ya ziwa yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, bandari ya Butiaba iliharibika na njia ile ikafa. Siku hizo watu wote walijua motoka fulani ni ya nani, kwa sababu zilikuwa chache.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Maduka yalichukuliwa, na malori yaliyokuwa uani yakaenda pamoja na maduka. Hapo ndipo watu wengi walipoona mara ya kwanza kwamba motoka inaweza kuamka kwa bwana mmoja na kulala kwa mwingine, pasipo kuuzwa.

Vita vilifanya jambo hilo kuwa la kawaida. Jeshi la Uganda liliingia Ituri mwaka 1998, mapigano ya Wahema na Walendu yakaanza mwaka 1999, na kati ya 2002 na 2003 mji wa Bunia ulipita mikononi mwa makundi mbalimbali. Bogoro ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Tchomia ilishambuliwa tarehe 31 Mei mwaka huo huo. Aliyekimbia alibeba mtoto na sufuria. Motoka, kama ilikuwapo, ilibaki na ikapata shofa mwingine.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilihukumu tarehe 9 Februari 2022 kwamba Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 40 ni kwa ajili ya mali iliyoharibiwa na kuporwa. Katika kesi ya Bogoro, mahakama ya The Hague iliamua mwaka 2017 kwamba wahanga 297 wapewe kila mmoja dola 250 kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja. Dola 250 hazinunui tairi nne mpya za Prado. Kwa hiyo familia nyingi zilizopoteza motoka hazikungoja mahakama. Zilianza upya kwa samaki, kwa ng'ombe waliosalia, kwa fedha za ndugu walio mbali.

Baada ya 2003 mji ulijaa jipu nyeupe za Umoja wa Mataifa na mashirika. Wakati huo huo wafanyabiashara wa Bunia waliendelea kwenda Kampala na Dubai, ambako soko huru la motoka zilizotumika la Ras Al Khor lilikuwa limefunguliwa mwaka 2000. Huko walikuta jipu za raha ambazo Wajapani walikuwa wamezichoka: Prado ya umbo la 1996, iliyofuatwa na umbo jipya mwaka 2002, na Harrier iliyotoka mwishoni mwa 1997, ambayo Marekani inaitwa Lexus RX. Viti vya ngozi, kiyoyozi, taa nzuri. Kwa mtu aliyepanda nyuma ya lori juu ya magunia ya samaki miaka yote, hiyo ilikuwa ishara kwamba vita vimekwisha.

Hizo mbili si ndugu, hata kama bei zinakaribiana. Prado imejengwa juu ya shasi ya chuma kama lori. Harrier imejengwa juu ya msingi wa motoka ndogo, Camry. Kwa lami ya Kampala Harrier ni tamu. Kwa mashimo ya Bogoro na mchanga wa Kasenyi, Harrier ni jipu kwa macho tu.

Prado nayo ina siri zake. Zile za 1996 mpaka 2000 zenye injini ya mazuti 1KZ-TE zinajulikana kwa kupasuka kichwa cha injini zikipata joto kupita kiasi. Injini hiyo haisemi kitu uwanjani. Inasema mlimani. Mnunuzi mwenye akili anafika asubuhi bila kutoa habari, anagusa boneti kwanza. Ikiwa ni ya moto, mtu ameiwasha mapema ili kuficha jambo. Anafungua kifuniko cha oili: ikiwa kuna povu la rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Anafungua radiateri kabla injini haijapata moto, anaangalia kama mapovu yanapanda mfululizo injini ikiwaka. Halafu ndipo mnapanda Bogoro na macho kwenye mshale wa joto. Kurudi chini kunapima breki.

Kilometaji haifai kuaminiwa. Namba hurudishwa nyuma kirahisi. Kanyagio la breki lililoisha mpira, volani inayong'aa na kiti cha shofa kilichozama havirudishwi nyuma. Ukizungusha ufunguo bila kuwasha injini, taa za onyo lazima ziwake, kisha zizimike injini ikiwaka. Taa isiyowaka kabisa mara nyingi imeng'olewa ili isiseme. Kwa motoka iliyotoka mnadani Japani, karatasi ya mnada hutoa alama: 4 na 4.5 ni nzuri, R maana yake ilipata ajali ikatengenezwa. Muuzaji anayesema karatasi hiyo imepotea labda anasema kweli, lakini bei lazima ishuke.

Volani pia ina historia. Kongo tunatembea upande wa kuume, Uganda na Kenya upande wa kushoto, na Japani vilevile. Jipu nyingi zinaingia kupitia Mahagi au Kasindi zikiwa na volani ya kuume. Shofa wake haoni mbele anapotaka kupita lori, lazima mtu wa pembeni amwambie. Nyingine volani imehamishwa na mafundi wa Dubai. Wiper zisizofagia vizuri mbele ya shofa, taa zinazomulika macho ya wanaokuja, na alama za kulehemu nyuma ya dashibodi, hizo zinaonyesha kazi hiyo. Iliyofanywa vibaya, volani inaweza kukatika kwenye kona.

Kuna ugonjwa mmoja ambao vitabu vya Toyota havikuandika, nao ni wa hapa ziwani: makayabo. Jipu iliyobeba samaki wa chumvi hata msimu mmoja, maji ya chumvi yanashuka chini ya zulia na kula bati. Harufu inaondolewa kwa sabuni na marashi, kutu haiondoki. Zulia lazima liinuliwe mpaka bati lionekane. Muuzaji akikataa, pua ya mnunuzi imalize kazi.

Jipu nyeupe ya zamani ya shirika si mbaya. Mara nyingi ilihudumiwa kwa tarehe, na daftari lipo. Mashimo ya antena na kivuli cha jina lililofutwa mlangoni vinaonyesha ilikotoka. Lakini nyingi za hizo ziliingia nchini bila kulipa ushuru kwa sababu ya msamaha wa mashirika. Anapouziwa mtu wa kawaida, ushuru unadaiwa. Pasipo karatasi ya duane, deni hilo litamfuata mnunuzi kwenye kila bariere.

Hatimaye inabaki namba ya shasi. Kwa Prado imechongwa kwenye chuma cha shasi upande wa kuume, karibu na tairi ya mbele. Kwa Harrier iko ndani ya boneti, kwenye ukuta kati ya injini na abiria. Motoka za soko la Japani hazina ile namba ya herufi 17. Zinaanza na kodi ya modeli, kama KZJ95, na hiyo KZ yenyewe inasema injini ilikuwa 1KZ. Ukikuta injini ya esansi ndani yake, injini imebadilishwa. Kibati kidogo ndani ya boneti kinataja hata rangi ya kiwandani. Jipu nyeusi ambayo kibati chake kinasema nyeupe inapaswa kuelezwa.

Mwaka 2018 makumi ya maelfu ya watu wa Djugu walivuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Sebagoro, wakapelekwa Kyangwali. Wengine wako bado huko, wengine katika kambi za Ituri. Mali waliyoiacha haikupoteza wenyewe kwa sababu wenyewe wako mbali. Jipu isiyo na karte rozi, inayouzwa haraka, usiku, nusu ya bei, inaweza kuwa ya jirani aliyeko kambini, na siku atakaporudi ataitambua hata ikipakwa rangi mara tatu.

Kuna njia ya zamani isiyodai umeme wala mtandao. Karatasi nyembamba inawekwa juu ya namba ya shasi, penseli inasuguliwa juu yake mpaka namba inajichora. Karatasi hiyo inalinganishwa na karte rozi kwenye ofisi, mbele ya muuzaji, kabla fedha haijahesabiwa. Kisha inapigwa picha na kutumwa kwa ndugu mmoja aliye Kampala au Kisangani, ili siku ya kukimbia, karatasi zikibaki nyumbani, namba isibaki nazo.