Moyo, Simu na Umbali: Historia ya Kufuatilia Wagonjwa wa Moyo Nyumbani kwa Mtazamo wa Chunya

Chunya ilikua kutokana na dhahabu. Madini hayo yalipogunduliwa katika eneo la mto Lupa mwaka 1922, wachimbaji walimiminika, na mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927 kwa sehemu kubwa ili kuwahudumia. Miji hiyo miwili imetenganishwa na safu ya milima na takribani kilometa 72 za barabara. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, ilhali Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Dar es Salaam. Mgonjwa wa moyo akisharuhusiwa kurejea kwake machimboni, aghalabu hospitali haimwoni tena mpaka azidiwe.

Wazo la kuufuatilia moyo kutoka mbali ni kongwe kuliko simu ya mkononi. Mwaka 1905, huko Leiden, Uholanzi, Willem Einthoven alipitisha mawimbi ya umeme wa moyo katika waya wa simu, kutoka hospitalini hadi maabara yake, umbali wa kilometa moja na nusu hivi. Afrika Mashariki ilitangulia kwa redio: shirika la AMREF, lililoasisiwa mwaka 1957, liliunganisha hospitali za pembezoni na madaktari waliokuwa Nairobi. Aliyeita redioni alijibiwa na mtu.

Sifa hiyo ilififia simu za mkononi zilipoingia katika afya ya umma. Mwaka 2009 mradi wa SMS for Life ulivitaka vituo vya Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga kuripoti akiba ya dawa za malaria. Mwaka 2012 kampeni ya Wazazi Nipendeni ilianza kuwatumia wajawazito ujumbe wa ushauri. Miradi hiyo ilifaa kwa malengo yake, lakini moyo hauna subira ya ripoti. Mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, yamkini ni maji yanayojikusanya mwilini, na dawa yake huenda ikahitaji kubadilishwa mapema.

Majaribio mawili ya nje yanathibitisha uzito wa jibu. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wenye wagonjwa 1,653 walioripoti hali zao kwa mfumo wa simu wa kujiendesha, haukuonesha nafuu yoyote. Nchini Ujerumani, utafiti wa mwaka 2018, ambamo madaktari na wauguzi walikuwa zamu saa 24, ulipunguza siku za kulazwa na vifo.

Kwa mantiki hiyo, mpango utakaoletwa Chunya usipimwe kwa ubora wa simu. Simu ya kawaida na mizani vyatosha kuanzia, hata pale simu inapotumiwa na familia nzima na kuchajiwa kibandani. Kinachogharimu zaidi ni muuguzi mwenye salio, mwenye muda wa kupiga simu siku hiyohiyo, na mwenye idhini ya kuongeza dozi ya dawa ya kupunguza maji bila kumsafirisha mgonjwa hadi Mbeya.