Mji wa Kale wa Mombasa kwa Miguu

Kutoka Tiwi panda matatu hadi Likoni, uvuke feri. Mwenda kwa miguu halipi. Kisiwani elekea Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno 1593, ikatiwa katika urithi wa dunia wa UNESCO 2011. Wengi huishia hapo, na hilo ndilo kosa. Shika Ndia Kuu, polepole, utazame milango: mfaa wa katikati, maua yaliyochongwa, na juu roshani za mbao. Mafundi wake wengi hatuwajui majina. Mlango uking'olewa ukauzwa, kumbukumbu yao ndiyo imekwenda. Msikiti wa Mandhry, unaotajwa kuwa wa 1570, hata leo huswaliwa. Vaa kwa stara, na kabla ya kupiga picha mlango wa mtu, piga hodi.