Kivuli kilichopita kaskazini ya Ituri

Nani anakumbuka yenga ya tarehe 3 Novemba 2013? Saa kumi na dakika 20 hivi, kivuli cha mwezi kilipita kaskazini ya Ituri yetu, kikavuka mupaka hadi Pakwach, Uganda. Kule watu walitoka nchi za mbali na miwani yao ya kinga, juu ya giza la sekunde 20 hivi tu! Hapa Bunia jua lilifunikwa karibu lote. Nani alikuwa na miwani?

Na haikuwa siri. Wababeli walishajua zamani kwamba kupatwa kunajirudia kisha miaka 18 na siku 11 hivi: lile la 2013 ni ndugu ya lile la Oktoba 1995, lililoonekana India. Mwaka 2006 Fred Espenak wa NASA na Jean Meeus (Mbelgiji, ndiyo) walitoa orodha ya kupatwa kote kwa miaka 5,000. Iko bure kwa intaneti.

Tarehe 2 Agosti 2027, Luxor kule Misri itakuwa giza dakika 6 na zaidi. Sisi tutaona kipande tu, mchana, na kipande ndicho kinachoma macho. Kioo cha moshi hakikingi kitu. Toboa karatasi ngumu kwa sindano, geuzia jua mgongo, uangalie picha yake chini.